Afya Kabla ya Dawa

Watu wawili wa nchi zisemazo Kiswahili wakutanapo njiani, hawaanzi kwa kuulizana bei ya bidhaa wala habari za mvua. Mmoja humwambia mwenziwe, "Hujambo?" naye hujibu, "Sijambo." Maneno hayo yakitazamwa asili yake, maana yake ni kuuliza iwapo mtu yule ana jambo lililompata, na jambo si homa peke yake. Deni ni jambo, msiba ni jambo, njaa ya watoto ni jambo, na ugomvi wa ndugu ni jambo. Kisha huulizwa habari za nyumbani, za wazee na za kazi, na hapo ndipo mazungumzo mengine yafuatapo. Wazee waliozoea kusalimiana hivyo walikwisha kufahamu kwamba uzima wa mtu hauishii katika ngozi yake.

Neno "afya" nalo lina maana pana kuliko inavyodhaniwa. Asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo uzima wa mwili peke yake huitwa "siha", bali "afya" ni kusalimishwa na balaa na kila lichukizalo. Ndiyo sababu Mwislamu aombapo afya huiombea dini yake, mwili wake, mali yake na ahali zake kwa pamoja. Lakini siku hizi neno hilo limebanwa. Mtu akisikia "afya" mawazo yake hukimbilia hospitali, sindano na vidonge, na jamii itakapo kuwatendea watu wake wema wa afya, jambo la kwanza lifikiriwalo ni kujenga zahanati. Wema huo ni mkubwa na haufai kudharauliwa. Hata hivyo historia yaonyesha kwamba aghalabu watu waliokolewa au waliangamizwa kabla hawajafika mlangoni pa tabibu, na ya kwamba kilichowaokoa au kuwaangamiza kilikuwa maji, choo, nyumba, chakula na haki. Habari zifuatazo zatoa ushahidi wa jambo hilo.

MATABIBU WA ZAMANI

Katika vitabu vya tiba vya Waislamu wa kale, kazi ya kwanza ya tabibu ilikuwa kuilinda afya iliyopo, na kuirudisha iliyopotea ilikuwa kazi ya pili. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki 1037, aliyataja katika kitabu chake kikubwa cha Qanun mambo sita ambayo mwanadamu hawezi kuishi bila ya hayo, na ambayo yakiharibika, afya yake huharibika. Mambo hayo ni hewa imzungukayo. Chakula na kinywaji. Mwendo na utulivu wa mwili. Usingizi na kukesha. Vitu vitokavyo mwilini na vibakivyo. Na hali za nafsi kama hasira, huzuni, hofu na furaha. Mafundisho hayo shina lake lilitoka kwa Wayunani, hasa Galen, lakini Waislamu waliyapanga, wakayaongeza na kuyafundisha kwa karne nyingi. Msomaji akiyahesabu sita hayo ataona kwamba hakuna hata moja lililo dawa.

Kabla ya Ibn Sina, mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alieleza kuwa nafsi nayo huugua kama mwili uuguavyo. Kwamba huzuni iliyozidi na hofu isiyokoma ni maradhi yapasayo kutazamwa. Na kwamba maumivu ya upande mmoja huuvuta upande wa pili. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Fikira hizo hazikubaki vitabuni. Hospitali aliyoijenga Nur al-Din mjini Damascus mwaka 1154, na ile ya Sultani Qalawun iliyojengwa Kairo mwaka 1284, ziliendeshwa kwa mali ya wakfu, yaani mapato ya maduka, nyumba na mashamba yaliyotengwa daima kwa ajili hiyo. Imeelezwa kuwa maskini aliyepona Kairo alipewa akiba kidogo ya fedha alipotoka, ili asilazimike kurudi kazini kabla nguvu zake hazijamrudia. Waliolipanga jambo hilo walijua kwamba mtu aliyeponywa homa kisha akarudishwa kwenye njaa hajaponywa.

Na wakfu wa maji ulitangulia wakfu wa hospitali. Imepokewa kwamba Sayyidna Uthman bin Affan alikinunua kisima cha Ruma pale Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakitoa watu wateke bila ya malipo. Zubayda, mkewe Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831, aligharimia mfereji wa kuleta maji Makka pamoja na visima na mabirika katika njia ya mahujaji watokao Iraki. Wala Uthman wala Zubayda hawakuwa matabibu, lakini hapana awezaye kuhesabu ni roho ngapi zilizoponea kwa maji hayo.

UNGUJA, 1869

Mfano ulio karibu zaidi na watu wa nchi hizi ni wa Unguja. Karne ya kumi na tisa ilipofika katikati, mji huo ulikuwa umetajirika kwa karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Majumba ya mawe yalipanda juu, lakini chini yake hali ilikuwa mbaya. Visima vilichimbwa karibu na mashimo ya vyoo, taka zilitupwa pwani, na maiti za watumwa waliokufa safarini ziliachwa mchangani. David Livingstone alipopita hapo mwaka 1866 aliulalamikia sana uvundo wa mji ule uliosifiwa duniani kwa manukato ya karafuu.

Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuitembelea pwani hii mara tatu: mwaka 1821, tena 1836 hadi 1837, na tena 1858 hadi 1859. Mwanzoni mwa 1859 msafiri Richard Burton alifika Kilwa akaukuta mji umo katika mauti. Mwishoni mwa mwaka 1869 ugonjwa ulirudi mara ya nne, na safari hii palikuwapo mtu wa kuuandika. Huyo ni James Christie, daktari wa Kiskoti aliyekuwa akiishi Unguja. Kwa kuwauliza wafanyabiashara na wasafiri wa misafara, aliifuata njia ya ugonjwa hatua kwa hatua: kutoka pande za Bahari ya Shamu, kupitia nchi za Waoromo na Wamasai, mpaka Pangani, na kutoka Pangani kuvuka bahari hadi Unguja. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1876.

Katika muda wa miezi michache walikufa watu maelfu kwa maelfu. Kipindupindu huua kwa kuukausha mwili: mgonjwa huharisha na kutapika maji mpaka damu yake huwa nzito, na mtu aliyeamka asubuhi akiwa mzima huweza kuzikwa siku hiyo hiyo. Dawa za wakati huo, za Kizungu na za kienyeji, hazikufaa kitu. Daktari Christie mwenyewe, pamoja na elimu yake yote, hakuwa na cha kumpa mgonjwa ila kumwangalia. Faida yake kubwa kwa watu haikuwa dawa aliyoitoa. Ilikuwa maswali aliyoyauliza juu ya njia, bandari na visima.

Yafaa wasomaji wa bara wafahamu kwamba ugonjwa huo haukuwa wa watu wa pwani tu. Misafara ile ile iliyopeleka nguo na shanga Unyamwezi, Ujiji na Manyema, na ambayo kwa njia yake Uislamu na lugha ya Kiswahili viliingia ndani ya bara, ndiyo iliyouchukua ugonjwa. Livingstone, akiwa Manyema mwanzoni mwa 1871, alipata habari za mauti ya Unguja kwa vinywa vya wapagazi waliotoka pwani. Vitongoji vya Waswahili vilivyochipuka baadaye kandokando ya Ziwa Tanganyika na kwingineko vilizaliwa na njia hizo, na tangu mwanzo vilirithi kheri zake na hatari zake.

Na mtumwa katika msafara, afya yake ilikuwa nini? Hakuwa na ruhusa ya kupumzika alipochoka, wala ya kuchagua maji ya kunywa, wala ya kumwuguza mwanawe. Hata kama pangalikuwapo tabibu bora katika kila kambi, mtu asiyeimiliki nafsi yake asingaliweza kuyafuata maagizo yake. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said, huku akisukumwa sana na Waingereza, alitia sahihi mkataba uliokataza kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kitendo hicho hakiandikwi katika vitabu vya tiba, lakini kwa maelfu ya watu kilikuwa na uzito kuliko dawa yoyote.

MAJI YA SAYYID BARGHASH

Wakati huo elimu juu ya maji ilikuwa imeanza kupambazuka Ulaya. Mwaka 1848 daktari kijana wa Kijerumani, Rudolf Virchow, alipelekwa Silesia ya Juu kuchunguza homa iliyokuwa ikiwaua watu maskini. Serikali ilitazamia orodha ya dawa. Yeye alirudi na shauri la elimu, uhuru, kodi ya haki na kazi zenye ujira wa kutosha. Mwaka 1854 daktari John Snow alihesabu vifo vya kipindupindu katika mtaa mmoja wa London, akaona vimezunguka pampu moja ya maji. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo uliondolewa kwa shauri lake. Wakubwa wengi hawakumsadiki, kwani ilidhaniwa kuwa ugonjwa huletwa na hewa mbaya. Serikali nyingi zilitumainia zaidi karantini. Baada ya kipindupindu kuwapiga mahujaji Makka mwaka 1865, wajumbe wa mataifa walikutana Istanbul mwaka 1866 wakashauriana jinsi ya kuzuia wasafiri. Kumzuia msafiri kulikuwa rahisi kuliko kulisafisha jiji.

Sayyid Barghash alishika utawala mwezi wa Oktoba 1870, wakati makaburi ya kipindupindu yangali mabichi. Katika ujana wake, baada ya kushindwa katika uasi wa mwaka 1859, alihamishiwa Bombay, akakaa huko mpaka 1861. Na ni katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1860, ndipo Bombay ilipomaliza ziwa la Vihar la kuupatia mji maji ya bomba. Mwaka 1875 alizuru Uingereza akaiona London pia. Katika utawala wake alijenga mfereji na mabomba ya kuleta maji safi mjini Unguja kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, akaamuru watu wateke bure. Alijenga pia Hamamni, mahali pa kuogea watu wote.

Watalii huja Unguja kulitazama Beit al-Ajaib, jumba la fahari alilolijenga Barghash mwaka 1883. Mabomba yaliyofukiwa chini hawayaoni. Lakini mjane wa Kiunguja aliyeteka mtungi wa maji safi bila ya kulipa pesa, akawanywesha watoto wake nao wakaishi, alipata kwa sultani wake kitu kikubwa kuliko kulitazama jumba. Barghash alifariki mwaka 1888, na watu wa mji wakaendelea kunywa maji aliyowaachia.

MAANA YAPANULIWA TENA

Katika karne ya ishirini tiba ilipata nguvu ambazo Christie hakuziota. Zilivumbuliwa dawa za kuua vijidudu, na chanjo za maradhi mengi. Kwa sababu ya mafanikio hayo watu wengi walianza kudhani kwamba afya ni kazi ya daktari peke yake. Hata hivyo, mwezi wa Julai 1946, vita vikuu vikiwa vimekwisha mwaka uliotangulia, wajumbe wa mataifa walikutana New York wakatia sahihi katiba ya Shirika la Afya Duniani, na humo walieleza kwamba kukosa maradhi hakutoshi kuitwa afya. Yahitajiwa hali njema iliyotimia ya mwili, ya akili na ya maisha ya mtu pamoja na wenziwe. Al-Balkhi angalikuwapo asingaliona geni.

Tanzania ililitia fikira hilo katika jina. Mwaka 1973 ilianzishwa kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu vijijini walikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadiliana juu ya malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Washiriki walikadiriwa kupita milioni mbili. Baada ya mazungumzo walishika majembe: walichimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafundishana kuchemsha maji. Mkulima ambaye hakuwa na daktari karibu naye alijiona kuwa mlinzi wa afya ya kijiji chake. Miaka mitano baadaye, mwezi wa Septemba 1978, mataifa yaliyokutana Alma-Ata yalikubaliana kuwa chakula, maji safi na usafi vihesabiwe pamoja na chanjo na dawa katika msingi wa afya ya kila jamii.

Ni insafu kueleza pia kwamba tiba, ikitoka mikononi mwa wachache, huweza kutenda makubwa. Mwaka 1971, katika kambi ya Bangaon nchini Uhindi, wakimbizi wa Bengali ya Mashariki walikuwa wakifa kwa kipindupindu, na maji ya kutia mishipani yalikuwa yakimalizika. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa maji yaliyochanganywa na sukari na chumvi wanywe, na jamaa zao ndio waliowanywesha. Vifo vikapungua sana. Dawa ambayo mama aweza kuishika katika kikombe ilifaulu mahali ambapo hospitali ilielemewa.

GOMA, 1994

Lakini jambo lililojulikana si lazima liwe limetendwa. Katikati ya Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na vita vilivyoandamana nayo, Wanyarwanda wapatao laki tano mpaka laki nane walivuka mpaka na kumiminika Goma kwa siku chache tu. Nchi ile ni ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Jembe haliingii, basi vyoo havikuweza kuchimbwa, wala makaburi. Watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu yaliyokwisha kuchafuka, na katika kambi ya Kibumba hapakuwa na maji ila yaliyoletwa kwa malori. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Dunia wakati huo ilikuwa na kila dawa. Kipindupindu kikitibiwa kwa wakati, katika wagonjwa mia hafi hata mmoja. Madaktari walikuja kutoka mabara yote kwa ndege. Hata hivyo mauti hayakurudi nyuma mpaka maji yaliposafishwa na kusambazwa kambini. Palikuwa pamepita miaka 140 tangu mpini wa pampu ya London ulipoondolewa, na miaka zaidi ya mia tangu maji ya Barghash kuingia Unguja.

Unguja yenyewe haikusalimika daima. Mji ulikua kuliko mabomba yake, mitaa mipya ilijaa watu, na mwaka 2015 hadi 2016 kipindupindu kilirudi kisiwani kikaua. Wema wa wazazi hauwatoshi wajukuu ikiwa wajukuu hawautengenezi. Kisima kilichochimbwa kwa sadaka kisha kikaachwa bila ya mfuniko na bila ya mtu wa kukiangalia, mwisho wake huwa mlango wa maradhi.

YAPASAYO JAMII

Katika historia hiyo yote wametajwa matabibu, wafalme, wanawake wenye mali na wakulima wenye majembe, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika afya ya watu. Basi jumuiya ya Waislamu ikutanapo kuyahesabu matendo yake ya miaka iliyopita, yafaa isihesabu vitanda vya zahanati tu. Na ihesabu pia matangi ya maji ya msikiti yaliyo safi, vyoo vya madrasa na kama vyatosha watoto wa kike na wa kiume, mitaro ya mtaa izibuliwayo kabla ya masika, mayatima waliolishwa, wajane waliolipiwa kodi ya nyumba, ndugu waliopatanishwa, na mzee akaaye peke yake aliyetembelewa. Hayo nayo ni matendo ya afya, na mengi kati yake hayahitaji shahada ya udaktari wala fedha nyingi.

Hali kadhalika mtu aliyeugua apelekwe kwa daktari mapema, na chanjo za watoto zisicheleweshwe. Kwani kuacha tiba iliyopo kwa kisingizio chochote ni kujidhulumu. Lakini mgonjwa akipona, aulizwe alikunywa maji gani, analala wapi, na wenziwe nyumbani wana hali gani. Akirudishwa kwenye kisima kile kile kilichomwuguza, atarudi hospitalini, au hatawahi kurudi.

Swali hilo si geni kwa Mswahili. Ni "Hujambo?" ya kila siku, ila sasa yatakiwa muulizaji asimame asikie jibu, na akiambiwa kuna jambo, atie mkono wake.